Rangi ya Ndege ni Yetu, Lakini Nani Anachagua Njia?



Mwezi wa Desemba 2024 kompani mpya ya ndege ilianza kazi katika inchi yetu. Jina lake ni Air Congo. Jina hilo si geni, baba zetu walilisikia tangu mwaka wa 1961. Lakini kompani hii ya sasa ni ushirika wa wenye mali wawili. Serikali ya Kongo ina sehemu 51 kati ya 100, na Ethiopian Airlines ya Addis-Abeba ina sehemu 49. Walianza na ndege mbili za namna ya Boeing 737-800. Watu wengi walifurahi, na sisi tulifurahi pamoja nao. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara njema ya kumfikisha mtu moja kwa moja. Mtu wa kwetu mwenye shauri la haraka katika mji mkuu anapanda ndege, ao anakaa nyumbani.

Lakini furaha isitufunge macho. Wengi wanasema: «Tuna 51, wao wana 49, basi sisi ndio wakubwa.» Sisi tunauliza swali lingine. Asubuhi ndege inapotoka uwanjani, nani ameamua iende wapi? Kama hatujui jibu, basi hatujui kama ndege ni yetu.

Tusisahau mambo ya tarehe 12 Julai 1960. Uhuru ulikuwa na siku kumi na mbili tu. Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba walikuja kwa ndege kutua hapa kwetu, katika mji ulioitwa bado Elisabethville. Walikatazwa. Wenye kujitenga walikataa, na kiwanja kilikuwa mikononi mwa askari wa Ubelgiji. Wakubwa wawili wa inchi nzima, waliochaguliwa kwa sheria, wakazunguka angani, wakarudi. Siku ile watu walifahamu kwamba cheo cha abiria hakiongozi ndege. Ndege inaongozwa na mwenye usukani na mwenye kiwanja. Leo hakuna askari wa kigeni pale Luano, na tunashukuru. Lakini usukani wa siku hizi ni karatasi. Ni mkataba, ile tunayoita kontra.

Ninyi watu wa mgodi mnajua ushirika kuliko mwanasheria yeyote. Mmekaa nao miaka mingi. Angalieni Tenke Fungurume: kompani ya CMOC ya China ina sehemu 80, na Gécamines yetu ina 20. Mwaka wa 2022 kulikuwa na magomvi makubwa juu ya hesabu ya madini yaliyo chini ya udongo, na juu ya malipo ambayo Gécamines ilisema ni haki yake. Shaba na kobalti zikazuiliwa kutoka. Mwaka wa 2023 walipatana, na CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800 kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Hapo tumejifunza nini? Kwamba mwenye sehemu anapata haki yake kama anajua hesabu, na anapoikosa ana nguvu ya kuidai. Sehemu zenyewe ni mlango tu. Kitabu cha hesabu kiko ndani ya nyumba.

Sasa tueleze namna ushirika wa ndege unavyofanya kazi, maana si sawa kabisa na ule wa shaba.

Kompani kubwa yenye safari za mbali inataka viti vyake vijae. Ndege kubwa ya kutoka Addis-Abeba kwenda Ulaya ao China haijazwi na watu wa Addis-Abeba peke yao. Lazima watu waletwe kutoka miji mingi, asubuhi ile ile, wakutane pale, wagawanywe tena. Ni kama mto mkubwa unaotaka vijito. Ndege ndogo na za katikati, zinazoruka ndani ya inchi ao kati ya inchi jirani, ndizo vijito. Kwa hiyo Waethiopia wametafuta marafiki pande nyingi za Afrika: ASKY huko Lomé, iliyoanza kuruka mwaka wa 2010, Malawi mwaka wa 2013, walikochukua sehemu 49, Zambia, jirani yetu, walikochukua sehemu 45 katika Zambia Airways iliyofufuka mwaka wa 2021. Hii si siri wala si wizi. Ni biashara, na wanaifanya kwa akili.

Lakini tuweke abiria wawili mbele ya macho yetu. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekwenda China kununua mali. Akipanda Air Congo, kisha Ethiopian, kompani ile ya pili inapata nauli ya safari ndefu, na faida yake ni kubwa. Wa pili ni mama wa Kalemie, mtoto wake ni mgonjwa, na daktari anayehitajiwa yuko Lubumbashi. Yeye haendi Addis-Abeba wala China. Anataka kufika Lubumbashi na kurudi kwake. Je, nauli ya mama huyu inamfaa nini mwenye sehemu 49? Karibu hakuna kitu. Ndege ni moja, saa za kazi zake ni zile zile. Mwenye kupanga safari akiwa na ndege chache, atampeleka nani kwanza?

Tatizo ndilo hilo, wasomaji wetu. Mgeni hakosi kwa kupenda faida yake. Lakini njia inayolisha safari za mbali ina baba wa kuitetea mezani. Njia ya Kalemie, ya Manono, ya Kamina ao ya Kongolo haina baba, isipokuwa sisi tuwe baba yake.

Mtu mmoja atasema: hayo ni mawazo tu. Basi tutazame yaliyotendeka.

Tuanze na kwetu. Air Congo ya kwanza ilizaliwa mwezi wa Juni 1961. Serikali ilikuwa na sehemu kubwa, na Sabena ya Ubelgiji ilikuwa na 30 kati ya 100. Kwa karatasi sisi tulikuwa wakubwa. Lakini Sabena ndiyo iliyokuwa imejenga njia za ndege za Kongo tangu miaka ya 1920, na ilizijenga kwa faida ya koloni: kuunganisha Brussels na Léopoldville, na Léopoldville na inchi ya shaba. Kompani mpya ikarithi ramani ya zamani. Bendera ilibadilika upesi kuliko njia.

Twende kwa jirani. Mwaka wa 2002 South African Airways ilinunua sehemu 49 za Air Tanzania kwa dola milioni 20. Ilisemwa kwamba Dar es Salaam itakuwa kituo kikubwa cha ndege zao katika Afrika ya Mashariki. Kituo hicho hakikusimama. Hasara ilikuja mwaka kwa mwaka, na mwaka wa 2006 waliachana. Tanzania ikabaki na kompani dhaifu kuanza upya.

Turudi hapa mjini kwetu. Mwaka wa 2012 Brussels Airlines na kundi la Forrest walianzisha kompani ya Korongo, na makao yake yalikuwa Lubumbashi. Jina lilikuwa jema, maana korongo ni ndege mwenye mabawa marefu. Iliruka Kinshasa, iliruka Johannesburg, na watu walisifu kazi yake. Mwaka wa 2015 wenye mali waliifunga. Hatusemi walifanya dhambi, kompani inayopata hasara hufungwa pote duniani. Tunasema hivi: siku walipokaa kuamua, raia wa kawaida wa Lubumbashi hakuwa na kiti pale. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wala msidhani ni mtu mweusi peke yake anayepatwa na mambo haya. Sabena yenyewe, ile iliyokuwa bwana wetu, iliingia ushirika na Swissair mwaka wa 1995. Waswisi walichukua sehemu 49 na nusu. Kwa karatasi Wabelgiji walibaki wakubwa. Lakini mwaka wa 2001 Swissair ilianguka, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule Sabena ikafilisika, baada ya maisha ya miaka karibu 80. Aliyetupangia njia zetu alikuja kuona namna inavyouma kutegemea mfuko wa mwingine.

Huko Marekani kuna somo lingine kwa watu wa kazi. Kompani kubwa za kule zimefunga ushirika na zile za Ulaya: Delta na Air France pamoja na KLM, United na Lufthansa, American na British Airways. Katika njia za kuvuka bahari wanatia mapato katika hesabu moja na kugawana. Ndani ya inchi, abiria wa miji midogo wanaletwa na kompani ndogo. Ndege zina rangi ya kompani kubwa, tiketi ina jina la kompani kubwa, lakini marubani na mafundi wameajiriwa na ile ndogo, ambayo inalipwa kwa kazi ya kuruka tu. Ninyi mnajua mpango huo. Ni sawa na kompani za kukodiwa zinazoleta watu mgodini: kofia ni ya mgodi, mshahara ni wa mwingine, na kontra ikikatwa, wote wanakwenda nyumbani.

Ilikuwa hivyo kwa kompani ndogo iliyoitwa ExpressJet. Ilirusha ndege kwa jina la United, na United yenyewe ilikuwa na karibu nusu ya sehemu zake. Mwaka wa 2020, mwaka wa ugonjwa wa Covid, United ilichagua kompani nyingine ndogo kwa kazi ile. Mwisho wa mwezi wa Septemba ExpressJet ikaacha kuruka. Kuwa na ndugu tajiri hakukuiokoa.

Lakini sikilizeni jambo la pili la kule, maana ni la maana sana kwetu. Marubani wa kompani kubwa za Marekani wana vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Vyama hivyo havikuridhika na ahadi. Vilidai mambo yaandikwe ndani ya kontra yao. Imeandikwa kwamba ndege za kompani ndogo zisipite viti 76. Na marubani wa Delta wamepata neno liandikwe juu ya kipimo cha kuruka kitakachobaki kwao katika ushirika na Wazungu wa Ulaya. Basi jambo hili linawezekana. Njia za ndege zinaweza kuandikwa katika mapatano, kama vile saa za kazi na posho zinavyoandikwa. Ni kuomba kwa nguvu na kwa umoja.

Sasa tuseme ukweli wetu pia, maana gazeti linalosema ubaya wa wengine tu halifundishi mtu. Kuna wanaosema: «Fukuzeni wageni, tufanye peke yetu.» Tulifanya. Mwaka wa 1971 Air Congo iligeuzwa jina, ikaitwa Air Zaïre. Haikuharibiwa na Mbelgiji. Iliharibiwa na wakubwa wetu wenyewe, waliochukua ndege za watu kwa safari zao, na kwa madeni yasiyolipwa. Mwaka wa 1995 ikafilisika. Mfanyakazi wake alilia machozi yale yale ambayo angelia kama angefukuzwa na mgeni. Tena, tangu mwaka wa 2006 kompani za ndege zilizoandikishwa Kongo ziliwekwa katika orodha ya Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule, kwa sababu ulinzi wa usalama wa serikali yetu haukuaminiwa. Ni neno la haya, na kelele haitaliondoa. Litaondoka kwa kazi ya mafundi, ya wakaguzi, na kwa sheria inayofuatwa.

Basi ushirika si ubaya. Na mwalimu wa jambo hili ni Waethiopia wenyewe. Kompani yao ilianzishwa mwishoni mwa mwaka wa 1945, na safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa Aprili 1946, kutoka Addis-Abeba kwenda Cairo kupitia Asmara. Hawakuwa na marubani wala mafundi. Walipatana na TWA ya Marekani. Wamarekani waliendesha, Wamarekani walikaa katika viti vya mbele, mkubwa wa kazi alikuwa Mmarekani. Lakini mali ilikuwa ya Ethiopia, na shabaha ilikuwa kufundisha wenyeji mpaka washike kazi yote. Mwaka wa 1971 mkubwa wa kwanza Mwethiopia alikaa katika kiti kile. Walijenga shule ya marubani na mafundi. Walijenga karakana kubwa. Leo inchi nyingi za Afrika zinapeleka vijana na ndege zao Addis-Abeba.

Ilichukua miaka 25. Ni mingi, lakini ilikuwa na mwisho. Ushirika uliomfaa Mwethiopia ulikuwa shule. Ushirika uliowaumiza wengine ulikuwa duka, ambamo mmoja anauza jina na mwingine anashika ufunguo. Tunawaomba ndugu zetu wa Addis-Abeba watutendee kama walivyotaka kutendewa na Wamarekani. Hatuwezi kuwaonea haya kwa kuomba hivyo, wala wao hawawezi kutuambia kwamba hawafahamu.

Kwa hiyo gazeti hili linasema mambo manne.

La kwanza, kontra ya Air Congo itangazwe kwa watu. Sehemu 51 ni za Serikali, na Serikali ni mali ya raia. Mwenye mali hafichwi karatasi ya mali yake. Tujue nani anapanga safari, nani anatunza hesabu, nani anaweka bei, na wakigombana, hukumu ni ya nani.

La pili, njia za ndani ziandikwe humo kwa majina na kwa hesabu. Isisemwe tu «tutatumikia inchi nzima». Iandikwe: mji huu, safari ngapi kwa juma, hata kama hauna shaba wala almasi. Na fasi ambako ndege kubwa inapata hasara, kompani ndogo za Wakongo zipewe kazi ile, kwa mapatano ya miaka ya kutosha, si ya miezi michache. Mtu hawezi kununua ndege na kulipa fundi kama hajui kwamba mwakani atakuwa na kazi.

La tatu, iandikwe hesabu ya vijana wetu watakaofundishwa kuwa marubani, mafundi wa mashini na wapanga safari, mwaka kwa mwaka, na tarehe ambayo Mkongo atashika kila kiti. Katanga ina vijana wanaojua chuma tangu utoto wao. Mwana wa fundi wa mgodi anaweza kufungua na kufunga injini ya ndege, akifundishwa. Na karakana ijengwe hapa inchini. Ndege ikipelekwa mbali kila mara inapotaka matengenezo makubwa, fedha inakwenda nayo, na ujuzi unabaki kule.

La nne, wafanyakazi wa ndege wawe na chama chao, na wajumbe wao wasikilizwe pale mapatano yanapofanywa. Rubani, fundi, mpokea mizigo na mwanamke anayefagia ndani ya ndege, wote wataumia kosa likifanyika mezani. Basi wawe na sauti kule mezani.

Tunakumbuka mwaka wa 1960. Mwezi wa Januari na wa Februari, wakubwa wa vyama vyote walikwenda Brussels kwa Meza ya Duara ya siasa, na tarehe ya uhuru ikapatikana. Mwezi wa Aprili ikaja meza ya pili, ya mali na uchumi. Wakubwa wengi walikuwa kwao wakishughulika na uchaguzi, na kwenye meza ile walikaa wajumbe wengine, wengi wao vijana, mbele ya Wabelgiji waliojua kila hesabu. Tumelipa deni la meza ile miaka mingi. Kontra ya ndege ni meza ya namna ile ile. Hakuna ngoma wala bendera, kuna karatasi na kalamu, na watu wachache wanaoelewa maneno yaliyoandikwa.

Ninyi mnaosoma gazeti hili baada ya kazi, msiseme jambo hili ni la wenye pesa ya kupanda ndege. Siku mwili wa ndugu yako utakapotakiwa kurudishwa kijijini, siku mtoto wako atakapopata nafasi katika shule ya mbali, siku mgonjwa wako atakapohitaji daktari aliye ng'ambo ya pori, utauliza kama kuna ndege. Jibu la siku ile linaandikwa sasa. Mwulizeni mjumbe wenu wa bunge: je, umeisoma kontra ya Air Congo? Kama hakuisoma, aisome. Kama aliisoma, atuambie Kalemie iko ukurasa gani.